Mibonyeo Mitano

"Bi Joana, mbona umeliharibu?"

Sajid aliliinua behewa dogo kwenye mwanga wa mlango wa duka lake, Mikindani. Tangi lilikuwa kopo la maziwa, magurudumu vizibo vya soda, ngazi spoku za baiskeli. Lehemu ilikaa laini kama uzi, maana Bi Joana alianza kutengeneza vibatari kabla Sajid hajazaliwa. Lakini ubavuni, toka juu hadi chini, bati lilikuwa limebonyea mara tano.

"Sijaharibu. Ndivyo lilivyokuwa lile kubwa."

"Kwenye picha yangu ya zamani ya reli halina mibonyeo."

"Picha yako wamepiga upande wa mabwana wa Kizungu. Baba alikuwa anagonga upande wa pili."

Baba yake, Saide, alivuka Ruvuma akapata kibarua kwenye reli ya karanga, ile ya kwenda Nachingwea, iliyong'olewa Joana akiwa mtoto. Kila asubuhi aligonga tangi la maji kwa nyundo, toka juu akishuka taratibu, hadi sauti ibadilike. Hapo ndipo maji yalipofikia. Kusoma hakujua, sikio ndilo lilikuwa daftari lake. Ufukoni, Joana alipoyasimulia hayo, watu walicheka: "Bibi na treni yake!"

"Basi sikia," Sajid alisema. "Kuna tangi mikoroshoni. Rashidi analikata leo, liwe chuma chakavu. Mwenye shamba kaniambia, likiwa la reli kweli, ataliacha."

"Leo? Na wewe umekaa unapiga soga? Washa gari, baba!"

Walimkuta Rashidi, mkata vyuma, mtungi wa gesi uko tayari, moto unavuma.

"Zima!" Joana alipiga kelele kabla gari halijasimama.

"Shikamoo, bibi. Hili la mafuta tu."

"Marahaba. Zima kwanza, ubishi baadaye."

Akakwangua kutu kwa tupa yake ya kazini. Hakuna kitu. Akazunguka upande wa pili. Hakuna. Rashidi akamtazama Sajid, akalinyanyua tena lile bomba la moto.

Joana akalitoa behewa lake kwenye khanga. Akalitazama, akalitazama lile kubwa. La kwake kofia ya kujazia maji ilielekea juu. Hili kofia ilielekea ubavuni, nyasi zimechungulia humo.

"Mbona limelala!" Akacheka mpaka akakohoa. "Jamani, limelala kiubavu kama mja mzito! Rashidi, lete bega."

"Bibi, utavunjika!"

"Nivunjike nikiwa juu. Inua!"

Wakampandisha, mmoja bega, mwingine mikono, viatu vikabaki chini. Akafuta majani makavu kwa khanga. Kidole chake kikaingia kwenye shimo la kwanza la nyundo. Kikasogea shubiri moja, kikaingia la pili. La tatu. Alipofika la tano akapiga kiganja, pa, pa, pa, na chuma chote kikaitika.

Rashidi alifunga mtungi. Kisha akachukua nyundo yake, akagonga ubavu wa tangi, polepole, kama yule baba wa hadithi za ufukoni.

"Lina maji ya mvua humu, bibi? Yamefika wapi?"

Kule juu Bi Joana akalikumbatia behewa lake dogo, akafumba macho, akainamisha sikio kwenye kutu.

"Gonga," alisema. "Sasa shuka kidogo."