Faluda ya Shahida

Shahida, binti wa miaka tisa, hakuweza kumeza dawa yake ya moyo kwa uchungu wake. Basi kila alasiri ya Ramadhani mama yake, Mwanakheir, aliichanganya kwenye faluda, akakamulia ndimu, akaimimina sahanini igande. Faluda ya ndimu haijapata kusikika Kikwajuni, lakini kila nyumba na mapishi yake.

Siku ya kumi na nne faluda ilianza kudunda. Ikivimba ilikuwa kijani, ikinywea nyekundu, na ikichoka kijiko cha ndimu kiliirudisha. Mwanakheir alitega sikio, akasikia mapigo yaliyonyooka kuliko ya mwanawe. Roho ilimuuma. Akaifunika kawa, maana magharibi ilikaribia na majirani hawajapelekewa futari.

Kwa haraka zile alikosea sahani, akampelekea hiyo Bwana Mahfoudh, jirani yake, mjumbe wa kamati ya kuchagua wagonjwa wa kupelekwa India. Hii ilikuwa Ramadhani ya tatu jina la Shahida limo kwenye orodha yao. Mahfoudh alitazama saa, akahesabu mapigo sabini na mbili, akaisogeza kando na kufuturu sambusa.

Kamati ilikutana kesho yake, Mahfoudh akaiweka sahani mezani, na habari zake zikapelekwa India. Wataalamu wa India waliitaka faluda mara moja. Ilipigwa picha ya pasipoti mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilitoka imetikisika, ikapewa kiti cha dirishani na muuguzi wa kuikamulia ndimu njiani.

Mwanakheir alimfuata Mahfoudh barazani kwake, akamuuliza habari ya Shahida.

"Nafasi ilikuwa moja, Bi Mwanakheir."

"Mwanangu mwepesi. Mkalisheni kiti hicho hicho, aipakate."

Mahfoudh alikubali kwamba mtoto ni mwepesi, ila kanuni haziruhusu. Alisema kwa upole sana, na upole ule ndio uliomvunja Mwanakheir kabisa.

Ndege iliondoka mwezi ishirini na sita Ramadhani, asubuhi. Shahida alifariki adhuhuri.

Siku ya hitima mke wa Mahfoudh alirudisha sahani. Alisema faluda imefika salama na inadunda vizuri. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo alikuwa ameijaza tende. Mwanakheir aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na ilipoadhiniwa magharibi akaipitisha kwa waliokuja kumsomea mwanawe.

Tende zilitosha watu wote.