Mapambo ya Karatasi Zilizoharibika

Kila Desemba, siku mbili kabla ofisi haijafungwa, tarishi alikuwa akikalia kiti cha sekretari. Hiyo ndiyo heshima aliyopewa mara moja kwa mwaka. Alipanga mezani mkasi, gundi na uzi, wakubwa wakimpisha, na karatasi zilizoandikwa upande mmoja zikageuka mapambo ya Krismasi. Walimwita Mzee Mkasi.

Kazi yenyewe haikuwa na uchawi. Unakata vipande vya upana wa vidole viwili, unakunja cha kwanza kiwe pete, unapitisha cha pili ndani yake, hivyo hivyo mpaka mnyororo uvuke chumba. Nyota ni rahisi zaidi: karatasi inakunjwa mbele na nyuma, mbele na nyuma, inafungwa uzi katikati, kisha inafunuliwa mpaka ncha zikutane. Sharti lilikuwa moja tu, upande mweupe ukae nje. Maandishi hayamhusu mtu.

"Hizi hapa, mzee wangu," sekretari alisema, akimwekea rundo. Alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wake, mcheshi, naye alimpenda tarishi kama mtu anavyoipenda saa ya ukutani. "Mashine imezitafuna kidogo. Fanya haraka, saa nane tunakata keki."

Karani wa mafaili akanyoosha shingo. "We! Hizo si zile za bosi za jana?"

"Nakala mbovu. Nzuri ziko kabatini."

"Na unampa?"

"Nani, huyu?" Sekretari hakujisumbua hata kupunguza sauti. "Kwake herufi na nyayo za kuku ni mamoja. Au siyo, mzee wangu?"

"Ndiyo, mama," tarishi alijibu. "Kuku naye ana mwandiko wake."

Wakacheka wote watatu.

Lakini tarishi alijua kusoma. Miaka minne alihudhuria darasa la jioni, miguu imevimba kwa kutembeza barua mchana kutwa, akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Siku alipopata cheti alikileta ofisini ndani ya bahasha. Bosi alikitazama, akakirudisha. "Hongera, mzee. Sasa itabidi tukuogope!" Watu wakaangua kicheko, na jioni ileile akafunguliwa kidau cha wino, kama kawaida, atie dole gumba kwenye daftari la barua. Akatia. Moyoni akaapa kwamba hatasema tena mpaka aulizwe. Sekretari huyu alikuja baadaye, akakirithi kidau pamoja na meza. Ikapita miaka mitatu, na hakuna aliyeuliza.

Alikuwa kwenye nyota ya tatu alipoliona neno "tarishi" likipotelea kwenye mkunjo. Akaifunua karatasi, akaisoma taratibu, kidole chini ya mstari, kama mwalimu alivyomfundisha.

Wafuatao hawataendelea na kazi baada ya mwezi Januari. Alikuwemo mlinzi wa lango la nyuma, dereva wa pili, na yeye. Kila mmoja na sababu yake. Ya kwake ilikuwa fupi: Hajui kusoma wala kuandika, hivyo hafai katika mfumo mpya.

Akairudia tangu mwanzo. Kisha, ajabu, akapata faraja. Kumbe ni kosa tu! Wangemwachisha kwa uzee angesema nini, uzee una rufaa? Lakini hili lilikuwa jambo la kuonyesha kwa macho. Alibakiza miaka miwili astaafu kwa heshima, na mkewe alishaanza kuwatambia majirani. Akaikunja upya ile karatasi, nyeupe nje, akaifunga uzi, akaitundika juu ya mlango wa bosi. Ilikaa vizuri kuliko zote.

Saa nane keki ikakatwa. Bosi akagawa makopo ya biskuti, kila anayepokea akisaini daftari. Zamu ya tarishi ilipofika, sekretari akafungua kidau. Tarishi akakisogeza kando kwa mgongo wa mkono, akachukua kalamu, akaandika majina yake yote matatu kwa mwandiko wa kuunganisha, herufi ya mwisho akaivutia mkia mrefu.

"Makubwa!" mtu alisema nyuma.

"Tangu lini, mzee?" bosi aliuliza.

Hatimaye ameulizwa. "Mwaka wa tatu huu, bosi. Cheti ulikishika mwenyewe." Alisema kwa adabu, tena akitabasamu. "Kwa hiyo ile sababu mliyoniandikia, naomba muifute."

"Sababu gani tena?" mlinzi wa lango la nyuma aliuliza, mdomo umejaa keki.

Sekretari alikuwa ameinua macho kwenye ile nyota iliyo juu ya mlango, na rangi imemtoka usoni. Bosi akafuata macho yake mpaka kwenye nyota.

"Tutazungumza, mzee," alisema. "Kula keki."

Hawakuzungumza. Barua ilitoka wiki ya kwanza ya Januari, tarishi akiwa juu ya ngazi anatungua mapambo. Akashuka, akaisoma amesimama, bila kidole. Ile sababu ilikuwa imefutwa kweli. Mahali pake waliandika: Amesoma nyaraka za siri za ofisi bila idhini. Na mwisho wa mwezi hautangojewa, aondoke leo.

"Mzee wangu, mimi sikukusudia," sekretari alinong'ona. "Nilisema karatasi umeziokota kwenye kapu la taka. Nina mtoto, unajua."

"Najua, mama."

Sekretari akamfungulia daftari asaini kwamba amepokea. Safari hii alimletea kalamu, tena nzuri, ya bosi mwenyewe. Tarishi aliitazama, akaiacha pale pale.

"Kidau kiko wapi?"

"Lakini si unajua kuandika?"

"Nani kakwambia? Mimi na kuku mwandiko wetu mmoja."

Akalichovya dole gumba, akalikandamiza juu ya mstari mpaka wino ukapenya ukurasa wa pili.