Kikao cha Kusimama

Bosi wa watengeneza programu alisikia kwamba kikao cha asubuhi kikifanywa kwa kusimama huisha upesi. Akawasimamisha wote, naye akajivutia kiti chenye mto.

Mama Pacha, aliyetoka likizo ya uzazi juzijuzi, mgongo ulimwaka. Kazi yake ilikuwa tayari, ikingoja tu mwenzake aikague. Ikichelewa, leo tena angewakuta wanawe wamelala.

“Jamani, mbona kazi hazisongi?” bosi aliuliza, amekunja nne.

“Zitasongaje, bosi, na umetusimika hapa kama milingoti?”

“Una haraka ya wapi, Mama Pacha?”

“Sina. Ila nipishe hicho kiti, miguu imevimba.”

Aibu ikamnyanyua bosi. Hakusimama sana, mheshimiwa akashika kiuno. “Haya, tumemaliza!”

“Njoo ukague, shoga,” Mama Pacha alimnong'oneza mwenzake, “kabla hajapata kiti kingine.”