Sungura Aliyekataa Kutoka

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba kimoja cha kujiandalia, chenye kioo kimoja na viti viwili, na watu wawili waliomchukia Sungura kuliko wote walikuwa humo. Kocha alisimama mlangoni. Malkia, bingwa wa kambi yao ya riadha, aliketi mbele ya kioo akijipaka mafuta mikononi, kana kwamba hakuna mtu mwingine aliyeingia.

"Haya, Sungura," kocha alisema. "Leo wewe ndiye mwanamichezo bora wa mwaka. Kweli dunia imekwisha."

Jina hilo lenyewe lilitokana na kazi yake. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano, sungura huwekwa mbele awavutie wenzake mwendo, kisha katikati ya mbio atoke kando na kuwaachia wenyewe. Miaka yote kambini alimfanyia Malkia kazi hiyo. Malkia alipata medali, yeye akapata chupa ya maji pale nyasini. Mpaka mashindano ya juzijuzi, mbele ya uwanja uliofurika: alifika mahali pa kutoka, akapapita. "Toka! Toka wewe!" kocha na wenzake walimpigia kelele. Akatia pamba masikioni, akakimbia hadi mwisho, akashinda.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia salamu yake. Godoro lake alilikuta uani, limelowa chapachapa. Wenzake wakipishana naye walinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Mwizi huyo, shikeni viatu vyenu."

"Sikiliza, binti." Kocha alishusha sauti. "Ukipanda jukwaani, sema ulichanganya mizunguko. Ulisahau kutoka. Watu watacheka, yataisha, na utarudi kambini kama zamani. Ukileta ukaidi, mabegi yako yapo kwa mlinzi."

"Na tuzo?"

"Ichukue. Ukatie maua ndani yake."

Malkia akacheka kicheko kikavu, macho hayakubanduka kwenye kioo.

Jina lake lilipoitwa, alipanda ngazi za jukwaa. Watu walizoea kumwona mgongo. Hakuwa amewahi kusimama akatazamwa usoni. Meza ya watu wa kambi ilikuwa mbele kabisa, wote wamekunja mikono. Kocha alikuwa amemtolea macho. Sungura alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa niseme nilisahau kutoka," alisema. "Sikusahau. Mahali pa kutoka nilipaona. Nilichoka tu kutoka."

Mtu mmoja akazomea, na wengine wakadakia. Kocha aliinuka kwa hasira hadi kiti kikaanguka, na meza nzima ikamfuata nje.

Malkia peke yake ndiye aliyebaki. Alimngoja chini ya ngazi.

"Ungesema umesahau," alimwambia, "ningekuzaba kofi hapohapo, kamera zikiona."

"Kwa nini, dada?"

"Mimi nimeshindwa na mtu. Ungetaka waseme nimeshindwa na bahati mbaya?" Alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Ila usijidanganye. Sikupendi hata chembe. Ulinigeuka mbele ya dunia nzima."

"Najua."

"Tukikutana tena uwanjani nitakukimbiza mpaka ujute kuzaliwa."

"Njoo," alisema, ingawa hakujua kesho angefanyia mazoezi wapi.