Jina Alilolitoa Enok

Tabita alikuwa anakwangua mafuta kwenye ngozi ya sili Enok aliporudi na mbwa wake na kopo la kahawa. Mtoto wao alikuwa na siku tatu, hana jina. Walikuwa wanamngoja baba tu, maana jina la marehemu ndilo linalompa mtoto joto.

Mama mdogo Mikiline akachovya kidole kwenye maji, akamgusa mtoto mdomoni, akalitaja jina la dada yake, mama wa Tabita, aliyekufa katika miezi ya giza ya baridi.

"Amaunalik."

Mtoto hakutikisika. Ng'ambo ya barafu kuu mtu akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu kilekile cha marehemu.

"Kaitikia huko," Mikiline akasema. "Enok, umefanya nini?"

Enok akatazama viatu vyake. Mpima ramani kutoka Denmaki alikuwa ameuona mlima usio na jina ng'ambo ya barafu kuu. Huko hakuna anayewinda, na pasipowindwa hapaitwi kitu. Mpima akataka jina la kienyeji la kuandika. Enok akampa la mama mkwe, akalipwa kopo la kahawa.

"Nilidhani karatasi haina masikio."

"Na kahawa ilikuwa tamu? Mjinga we!"

Mchana ule mtoto akaanza kupoa, miguu kwanza. Asubuhi iliyofuata mlima ulikuwa upande wa huku wa barafu. Kesho yake kivuli chake kiliingia dirishani. Mbwa hawakubweka, walikuwa wanamjua marehemu.

Enok akaenda kwa mpima, akamkuta anaupima upya.

"Mahali pake nimesharekebisha," mpima akasema. "Jina siwezi. Limeshakwenda Kopenhageni kwa redio, wamelipitisha."

Ubaridi ulikuwa umefika magotini. Tabita akazunguka nyumba zote tano, akiomba jina la marehemu yeyote ambalo bado halijapewa mtoto. Halikuwepo hata moja. Kila nyumba ilikuwa inanukia kahawa.

Aliporudi, Mikiline alikuwa amevua viatu na kujilaza, uso ukutani.

"Mama mdogo, unaumwa?"

"Siumwi. Weka karibu maji ya kumpa mtoto jina. Ngojeni kidogo tu."

Tabita akamkumbatia mtoto, akaegemeza mgongo wake mlangoni kwa nguvu zote. Pumzi za Mikiline zilikuwa zinakuja mojamoja. Nje theluji ikalia chini ya viatu vya mtu. Mpima akabisha kwa adabu, akauliza huyo anayekufa anaitwa nani.