Tutaziba Baada ya Mnada

Bosi wangu Alfonce anaamini wezi wa mitandao wanaishi mbali. Kwake yeye, mwizi wa kompyuta ni mtu fulani wa Ulaya aliyejifungia chumbani, hawezi kuwa mtu anayepeana naye mkono hapa Musoma kila asubuhi. Imani hiyo nimejaribu kuing'oa kwa kila njia isipokuwa kumzaba kibao.

Kampuni yetu inatunza mifumo ya watu. Mfumo wa mnada wa ng'ombe uko kwetu, wa wachuuzi wa samaki wa Murangi uko kwetu, na wa shirika moja dogo la Butiama linalowahifadhi mabinti waliokimbia kukeketwa uko kwetu pia. Kila mfumo unakaa kwenye kontena zake, yaani kama vyumba vya wapangaji ndani ya seva zilezile. Nywila za wapangaji wote zinatunzwa na programu moja. Mfumo ukihitaji nywila yake unaiomba programu hiyo, nayo inatakiwa kuhakikisha kwanza anayeomba ni nani.

Jumatatu waliotengeneza programu hiyo walitangaza kwamba haihakikishi. Aliye ndani akitaja tu jina la mpangaji mwenzake, anapewa nywila za mwenzake. Dawa ilikuwa toleo jipya, ila kuliweka kulihitaji mifumo yote izimwe kwa muda. Nilikwenda mbio kwa Alfonce.

"Lucy, wiki hii kuna mnada," alisema huku akikoroga chai. "Tukizima, wafanyabiashara watanitoa roho. Tutaziba baada ya mnada."

"Bosi, kule kwa mabinti kuna majina ya familia zinazowaficha."

"Sasa nani ataingia? Humo ndani wote ni wateja wetu, watu wa nyumbani."

Nilimweleza upya kwamba tundu hili ni la mtu wa ndani, wa nje hawezi kulitumia hata akitaka. Alinisikiliza kwa upole, akanishukuru, kisha akafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka damu inanichemka. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wateja: "Ndugu zetu wapendwa, kuna tatizo dogo la usalama, msiwe na wasiwasi, maelezo haya hapa." Akabandika tangazo zima, pamoja na namna tundu linavyotumika! Nilipomfuata alinishangaa mimi.

"Kwetu hatufichagi mambo kwa ndugu," alisema.

Jumatano nikakagua kumbukumbu za seva, roho yangu haikutulia. Mfumo wa mnada ulikuwa umeomba nywila za mabinti, na ukapewa. Mfumo wa mnada una fundi mmoja tu, Clever, mcheshi ambaye huniita shemeji bila sababu yoyote. Nikampigia.

"Clever, umechukua nywila za watu wa Butiama?"

"Ni mimi, shemeji." Wala hakubabaika. "Baba mkubwa Ryoba alinibana sana. Binti yake Gati alitoroka, mama yake hali wala halali. Nikaangalia tu kama mtoto yuko mzima."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba yuko Nyamuswa, kwa mwalimu fulani nyuma ya kanisa. Sikugusa kingine, shemeji. Yule ni dada yangu, siyo mtu baki."

"Clever, Desemba ndiyo hiyo inakuja, msimu wa kukeketa! Unadhani wanamtakia nini?"

"Baba mkubwa alisema anataka kumwona tu," alisema, na mara hii sauti ilikuwa ndogo.

Kabla ya lolote nilimpigia Debora, mlezi wa mabinti kule Butiama. Hakuniuliza maswali mengi. Alisema anapitia polisi, dawati la jinsia, wanakwenda Nyamuswa sasa hivi. Nikazima seva zote, mfumo wa mnada ukiwemo, bila kumwomba mtu ruhusa, nikaanza kuweka toleo jipya. Alfonce alitoka ofisini kwake na simu mbili mkononi, zote zinaita. Nilipomweleza alikaa kitini.

"Lakini Clever ni kijana mzuri," alisema.

Nilitamani kupiga kelele. Tatizo ni hilohilo, kwamba kila mtu katika jambo hili ni mzuri! Nilimwachia toleo lile alimalizie, nikachukua gari la ofisi, nikapita Makutano na Butiama bila kusimama.

Nyuma ya kanisa nilimkuta Debora na askari wa kike. Ng'ambo ya barabara alisimama mwanaume mwenye koti, Ryoba mwenyewe, na nduguze wawili wamekaa juu ya pikipiki. Hakuwa anatukana wala kutisha. Alikuwa anaita tu.

"Gati, mama anaumwa. Njoo nyumbani, mwanangu."

Gati alikuwa mlangoni na sare za shule, macho ameyainamisha, midomo ameibana. Mwalimu aliyemhifadhi alikuwa amemshika bega. Aliniambia mtihani wa kidato cha pili unaanza Jumatatu, na kwamba Gati ndiye aliyekuwa anaongoza darasa.

Debora alisema anampeleka mkoa mwingine, na hakunitajia upi. Sikuthubutu kuuliza. Nikamsogelea Gati, kwa kuwa niliona lazima mtu fulani aongee naye.

"Naitwa Lucy. Mfumo ulioonyesha mahali ulipo ni wetu. Nisamehe sana. Tundu tumeliziba."

Aliniangalia kwa mara ya kwanza.

"Huko ninakoenda, mtaniandika tena kwenye kompyuta?"

Nilimtazama Debora. Akatikisa kichwa.

"Hapana," nikasema.

"Na mtihani? Si mpaka niandikwe?"

Debora akafungua mlango wa gari. Baba yake aliita tena kutoka ng'ambo. Gati akafungua begi, akatoa kalamu mpya na rula alizokuwa amenunuliwa kwa ajili ya Jumatatu, akamrudishia mwalimu, akaingia kwenye gari.