Mlango wa Darasa la Mwisho

Mwaka ule wa ugonjwa, idara ya elimu ya wilaya ilituma ujumbe kwa wazazi asubuhi na jioni, na mara nyingi ule wa jioni ulikanusha ule wa asubuhi. Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama. Mama alikuwa anafua nguo za watu pale uani, mikono imejaa povu, kwa hiyo aliniita mimi nimsomee.

"Wanasemaje hao?"

"Wanasema shule inafunguliwa Jumatatu."

"Jana si walisema imefungwa?"

"Wanasema hiyo ya jana tuipuuze."

"Na hii ya leo tutaipuuza lini?"

Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la mwisho. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasoma daftari lile lile mpaka kurasa zikaanza kulegea, akisubiri kuambiwa mtihani ni lini. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la tano, ili nimlee yeye wakati mama anazunguka kutafuta nguo za kufua. Kwa hiyo mtihani wake niliuona kama wangu pia, ingawa sikuwahi kumwambia. Mimi si mtu wa kusema mambo.

Kwanza idara ilisema watoto wakae mbalimbali. Darasa halikutosha. Wakasema madawati yatolewe nje ili nafasi ipatikane. Nafasi ikapatikana, lakini hapakuwa na pa kukaa, kwa hiyo shule ikafungwa tena. Ndipo ukaja ujumbe ambao mama alitaka niurudie mara mbili:

*Wazazi na walezi wapendwa. Kwa kuwa watoto hawawezi kuja shuleni, shule itakwenda kwa watoto. Kila familia itatunza sehemu moja ya shule mpaka hali itakapotengemaa. Tafadhali fikeni na kamba.*

"Kamba ya nini?"

"Hawajasema."

Mama akaifungua kamba ya kuanikia, nguo za watu zikabaki kwenye beseni.

Shuleni tulipanga foleni ndefu iliyofika mpaka barabarani kwa sababu ya ule umbali. Waliowahi walipata madawati. Mama muuza mkaa alipewa nusu ya ubao, na nusu nyingine akapewa jirani yake ambaye hawasalimiani, kwa hiyo hesabu iliyoanzia kwa huyu jibu lake lilikuwa kwa yule. Fundi viatu alimchukua mwalimu mkuu mwenyewe, ambaye alieleza kwamba na yeye ni sehemu ya shule na kwamba hali chakula kingi. Mwalimu wa nidhamu alisimama pale mpaka jua likapinda, hakuna aliyemtaka. Mwishowe akarudi kwa mkewe.

Sisi tulipewa kengele. Ilikuwa ringi ya gari na kipande cha nondo cha kugongea. Jioni ukaja ujumbe kwamba familia yenye kengele iendelee kuigonga kama kawaida. Mama akawa anaigonga kila asubuhi kabla ya kuloweka nguo, na mtaa mzima watoto wanatoka na sare zao, wanasimama kila mmoja kwenye kizingiti chake, wanajikagua kucha, kisha wanarudi ndani. Idara iliandika kwamba mahudhurio hayajawahi kuwa mazuri kiasi hicho.

Mlango wa darasa la mwisho, ule wa mbao nzito wenye kitasa cha kweli na funguo, ulikwenda kwa mama mlinzi. Huyu alilinda ghala la rangi usiku, mchana analala. Mwanawe alishamaliza shule, akaoa na kuhama, lakini idara ilikuwa bado inamtumia ujumbe kuhusu maendeleo ya mtoto, naye hakuona sababu ya kuwakatisha tamaa. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na pazia tu mlangoni. Mwenye nyumba alimwahidi mlango tangu alipohamia, na kila akiahidi kodi inapanda. Siku aliyopata mlango wa shule aliita fundi hapo hapo, akaupachika. Baada ya hapo hatukumwona mchana kwa wiki kadhaa. Walisema amelala.

Kisha ukaja ujumbe tuliokuwa tunausubiri. Mtihani wa darasa la mwisho ungefanyika Jumatano. Sehemu zote za shule zirudishwe. Ili karatasi zisivuje, chumba cha mtihani lazima kiwe na mlango halali wa darasa, unaofungwa kwa funguo. Shule isiyo na mlango wake, watoto wake watarudia mwaka.

Mdogo wangu aliinuka kwenye ndoo. "Narudia mwaka kwa sababu ya mlango?"

"Mlango utarudishwa," mama akasema. "Nani atang'ang'ania mlango wa watu?"

Madawati yalirudi. Ubao ulirudi nusu kwa nusu. Mwalimu mkuu alirudi amenenepa kidogo, viatu vina soli mpya. Mlango haukurudi. Mwalimu mkuu alikwenda kuufuata, akaongea kupitia tundu la funguo, akajibiwa kupitia tundu hilo hilo arudi akiwa na mlango mwingine mkononi. Akaenda mama. Tulimsikia anarudi kabla hatujamwona.

"Kaniambia niendelee kugonga, mlango mzuri ndio huo, haumsumbui aliyelala. Nimemwambia mwanangu anarudia mwaka. Anasema wake alirudia miaka miwili na ana gari."

Akajifuta mikono, akanitazama.

"Nenda wewe."

"Mimi nitasema nini?"

"Hutasema kitu, ndiyo sababu nakutuma. Sisi tunaojua kusema tumeshindwa."

Mdogo wangu alikuwa amelifunga daftari, na hilo ndilo lililoniondoa pale.

Nilifika, nikasimama mbele ya ule mlango. Juu yake bado palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe, *Kimya Mtihani Unaendelea*, ya mwaka fulani uliopita. Nikagonga kidogo sana.

"Nani?"

Nikagonga tena.

"Nani, nimesema."

"Mimi. Wa kengele."

Kitasa kikazunguka. Alitoa kichwa, kilemba kimepinda, jicho moja bado linalala. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mama yako kakutuma uje ulie?"

"Hapana."

"Sasa umefuata nini? Haya, sema."

Kila nilichokipanga njiani kilinitoka. Nikakumbuka nina simu ya mama mfukoni, na kusoma sikuwa naona aibu, kwa sababu maneno yanakuwa ya mtu mwingine. Nikamsomea ujumbe wa mtihani, hata ile sehemu ya kunawa mikono. Alisikiliza ameegemea mlango, akiichungulia simu.

"Kwa hiyo shida yao ni mlango."

"Ndiyo."

"Madirisha je?"

"Hawajayataja."

"Ukuta?"

"Hawajautaja."

"Na hapo chini kuna nini? Umeruka."

Chini kulikuwa na yale maneno ya kila siku ambayo hakuna aliyeyasoma: *Jibu 1 kama chumba cha mtihani kipo tayari. Jibu 2 kama chumba kimehamishwa.* Nikamsomea na hayo.

Aliniangalia, na mimi nikaangalia nyuma yake. Kitanda, kabati, jiko, ndoo za rangi tupu zimepangwa vizuri ukutani. Sijui nani alinipa moyo ule. Kwa mdomo nisingeweza, lakini kidole hakihitaji kufungua mdomo. Nikabonyeza 2.

Simu ikatetemeka papo hapo. *Asante. Chumba kipo wapi?* Nikaandika: nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, chumba cha mwisho. Ikatetemeka tena. *Asante. Chumba kimesajiliwa. Samani zilizomo zisihamishwe.*

"Kasajiliwa nani?" mama mlinzi akauliza.

"Chumba chako."

Alifikiri.

"Mlango haubanduki?"

"Haubanduki."

"Na kitanda?"

"Wamesema samani zisihamishwe."

"Basi waje. Ila mimi Jumatano nimetoka zamu, nitalala. Asinikanyage mtu."

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alisoma usoni mwangu kwamba nimefanya jambo, hakujua jambo gani. Jioni ujumbe ulikwenda kwa wazazi wote kwamba chumba cha mtihani kimehamishiwa eneo lenye ulinzi.

Jumatano mama aligonga kengele kwa nguvu zake zote. Watahiniwa walikaa pale walipotosha: wawili kati ya kabati na ukuta, mmoja karibu na jiko, wengine juu ya ndoo za rangi. Mdogo wangu aliwekwa miguuni pa kitanda, na ndoo alishaizoea. Mama mlinzi alikuwa tayari amejifunika shuka gubigubi. Msimamizi kutoka wilayani alikuja na barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Alikagua mlango, akazungusha funguo mara tatu, akalinganisha maandishi na karatasi yake.

"Ndio huu," akasema, akafunga kwa ndani. Kitandani hakuangalia, kwa sababu kitanda hakikuwa kwenye karatasi.

Wazazi tulisimama nje kwa umbali. Baada ya muda tukaanza kusikia kukoroma. Mwalimu mkuu alitaka kugonga, fundi viatu akamshika shati. Haikupita muda simu zote zikatetemeka pamoja.

*Wazazi na walezi wapendwa. Sauti mnayoisikia kutoka chumba cha mtihani iko ndani ya viwango.*

Mama akanong'ona, "Mwanangu atafikiri vipi na mtu anakoroma hivyo?"

Nilikuwa nimekishika kile kidole kilichobonyeza 2 kama mtu aliyejikata.

Ghafla kukoroma kukakatika. Kitanda kikalia.

"Samahani baba, naomba kupita."

"Hakuna anayetoka kabla hajakabidhi karatasi," msimamizi akasema.

"Karatasi gani?"

"Ya mtihani."

"Mimi hapa ni kwangu."

"Uliyekuwemo chumbani karatasi zilipofunguliwa, wewe ni mtahiniwa. Utaratibu ndio huo."

Mtoto mmoja ndani alianza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, kila mtu nje akarudi hatua nyuma. Kisha tukamsikia mama mlinzi akisema, taratibu kabisa, "Haya, lete. Na kalamu."

Jua lilipofika utosini funguo ikazunguka. Wa kwanza kutoka alikuwa mdogo wangu, barakoa imeshuka kidevuni, wino mpaka kwenye kiwiko. Nilitaka kumuuliza. Akauliza yeye badala yangu.

"Unataka kujua?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Nimemaliza yote. Hata ya mwisho, ile hesabu ya treni mbili."

Mama akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akafunika uso kwa kanga. Mimi nilimshika mdogo wangu mkono ule wa wino.

Wengine wakatoka mmoja mmoja, wakijinyoosha migongo. Mlango ukabaki wazi nusu. Mwalimu mkuu alichungulia, akauliza kama wamekwisha.

"Bado mmoja," mdogo wangu akasema. "Yuko ukurasa wa pili. Msimamizi amemwambia muda umeisha, akamjibu kama ana haraka atangulie, mlango atafunga mwenyewe."